Shajara ya ujenzi: chumba cha dhoruba cha tofali za bloku ndani ya nyumba

Wiki ya 1, bado hatujashika sururu

Naandika kila hatua ya hii kazi kwa sababu nilivyokuwa natafuta mtu aliyeifanya anieleze ilivyokuwa sikumpata, kila ninayemuuliza ananiambia jenga tu kachumba kagumu. Kagumu kwa kipimo gani sasa? Usiku wa ile dhoruba ya mwisho tulibanana watu sita kwenye korido, mama kakaa chini kaegemea ukuta, mtoto wa mwisho nimemfunika godoro, bati juu linapiga kelele hata ukiongea husikiki, na mimi muda wote najiuliza hili godoro linazuia nini hasa. Asubuhi nikamwambia mume wangu tunajenga, na yeye hakubisha hata kidogo.

Wazo la chumba kidogo kigumu ndani ya nyumba sio letu. Tarehe 11 Mei 1970 tonado ilipiga mji wa Lubbock, Texas, ikaua watu 26, na baada ya hapo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas Tech wakawa wanaingia kwenye mabaki ya nyumba baada ya dhoruba kuangalia nini kimebaki na kwa nini. Walichokuwa wanakuta mara nyingi ni nyumba imeondoka na kuta za nje zote lakini kachumba ka katikati, stoo au choo, bado kamesimama. Mmoja wao, Ernst Kiesling, mwaka 1974 akaja na wazo kwamba kama hako kachumba kanasimama bila mtu kukapanga, je kakijengwa makusudi? Mwaka 1998 FEMA, shirika la Marekani la kushughulikia majanga, likatoa mwongozo wenye michoro ya vyumba vya namna hii na umekuwa ukirekebishwa mara kwa mara, ndio injinia wetu ameanzia hapo.

Swali lake la kwanza injinia halikuwa la upepo, lilikuwa la maji. Aliuliza hapa maji yashawahi kuingia ndani? Kama eneo linafurika au mawimbi ya bahari yanaweza kufika, basi chumba kama hiki kinageuka mtego, watu wamejifungia humo na maji yanapanda, hapo dawa ni kuhama mapema sio kujenga. Sisi tuko juu, maji hayajawahi kufika, tukaendelea.

Kuhusu ukubwa, kwa tonado ambayo inapita kwa dakika chache kipimo cha chumba cha nyumbani ni kama mita ya mraba 0.28 kwa mtu, kwa kimbunga kikubwa cha kukaa masaa mengi ni kama 0.65. Tuko sita, mimi, mume wangu, watoto watatu na mama. Sita mara 0.65 ni 3.9, kwa hiyo ndani tunafanya mita 2 kwa 2, nje 2.4 kwa 2.4. Kitakaa kwenye stoo kubwa nyuma ya jiko.

Na hii hesabu ndiyo iliyonibadilisha kichwa. Hivi vyumba vinapigiwa mahesabu ya upepo wa kilomita 400 kwa saa. Upepo wa kasi hiyo unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 770, wakati upepo wa kilomita 200 unasukuma kama kilo 190 tu, maana kasi ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Slabu ya juu ya chumba chetu ina mita za mraba 5.76 na unene sentimita 15, uzito wake kama tani 2. Upepo ukipita juu yake unainyanyua kwa zaidi ya tani 4. Injinia ana vipengele vyake vingine vya kuongeza, lakini hata kwa hesabu hiyo ya kawaida slabu ya zege ya tani 2 inaondoka kama sahani. Haiondoki tu kama imeshikwa na kuta, na kuta zimeshikwa na msingi, na kinachozishika sio mota (ule mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia tofali) wala uzito peke yake, ni nondo zinazotoka chini mpaka juu bila kukatika. Kuta zikijazwa zege zina zaidi ya tani 7, ukizifunga na slabu vinakuwa kitu kimoja. Nilivyoelewa hilo nikaacha kabisa kuiona hii kazi kama kupanga tofali.

Wiki ya 2, kukata jamvi

Tulitegemea kusimamisha kuta juu ya sakafu iliyopo. Tukatoboa kashimo ka kupima, jamvi, yaani zege la sakafu, likatoka sentimita 9 na chini yake mawe na kifusi, halina nondo hata moja. Injinia akasema hapo hakuna cha kushikia, tunakata na kuweka msingi mpya.

Fundi alikuwa ameshachora alama kwenye kona kabisa, kuta mbili za chumba zikiegemea kuta za nyumba ili nafasi isipotee. Injinia akafuta. Sababu ya kwanza ukichimba pale unafukua chini ya msingi wa nyumba yenyewe. Sababu ya pili chumba hakitakiwi kushikana na nyumba mahali popote, maana nyumba ikianza kung'oka itakivuta, kuta, kenchi, dari, chochote. Nyumba iondoke, chumba kibaki. Tukakisogeza, tukaacha sentimita 60 pande zote mbili, mtu anapita kwa ubavu.

Kukata ni kazi chafu sana. Tulikodi mashine yenye diski ya almasi na kuimwagia maji ili vumbi lisipande, tukaziba mlango wa jiko kwa nailoni, na bado vumbi lilifika kwenye vitanda. Kata kwa maji na vaa barakoa nzuri, vumbi la zege linakaa kwenye mapafu. Baada ya hapo sururu na koleo siku tatu, mtaro wa upana wa nusu mita, udongo unatoka kwa karai kupitia jikoni, mama anahesabu safari za vibarua kwa kokoto kwenye kikombe, akafika mia tatu na kitu.

Wiki ya 3, nondo za kuanzia

Hapa ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Nondo za milimita 16 zinasimama kila sentimita 40, zimekunjwa chini kuingia kwenye msingi, zinatokeza juu sentimita 75 ili zile za juu zije zifungwe nazo kwa kupishana. Zikapangwa vizuri kwa futi kamba, zikafungwa, zege la msingi likamwagwa, sote tumefurahi. Kesho yake fundi anapanga kozi ya kwanza (mstari wa kwanza wa tofali) kikavu, bila mota, ili kuona inavyokaa, tunakuta nondo tatu hazijaangukia kwenye tundu la tofali. Zimeangukia kwenye ukuta wa kati wa tofali.

Tofali lina milimita 390, na mota ya milimita 10 linakuwa 400, matundu mawili. Tulipima kuanzia kwenye nondo ya kona badala ya kupima kuanzia kwenye ukingo wa ukuta, basi. Fundi akachukua bomba la kukunjia, akaniambia, "Dada hii ni dakika mbili tu, naikunja inaingia." Nikamwomba asubiri. Injinia alivyokuja akasema nondo mbili zina makosa madogo, zinaweza kuelekezwa taratibu, sentimita moja pembeni kwa kila sita za kwenda juu, sio zaidi. Ya tatu ilikuwa nje kwa sentimita 7, ukiikunja vile inakuwa na goti, na nondo yenye goti ikivutwa inataka kunyooka kwanza kabla haijashika, wakati inanyooka ukuta umeshapasuka. Ikakatwa, tukatoboa shimo jipya kwenye msingi, likapulizwa vumbi likapigwa brashi likapulizwa tena, gundi ya epoksi ikaingia na nondo mpya. Nusu siku yote kwa nondo moja. Anayetaka kufanya kazi hii, panga kozi ya kwanza kikavu KABLA ya kumwaga msingi, weka alama ya kila tundu kwenye mbao pembeni, ndio ufunge nondo.

Wiki ya 4 na ya 5, kuta

Tofali 220. Kozi 11, kila kozi tofali 22, halafu unatoa za sehemu ya mlango.

Fundi wetu ni mzuri, mwiko wake unatembea, lakini amezoea kujenga nyumba na hiki ni kitu kingine, kwa hiyo kuna mambo tulibishana. La kwanza ni maji. Alikuwa anamwagia tofali maji kabla ya kujenga kama tunavyofanya kwa tofali za kuchoma. Tofali la bloku linajengwa kavu, likinywa maji linavimba kidogo kisha likikauka linasinyaa na ukuta unakuja na nyufa. Hakukubali mara moja, akampigia simu fundi mwenzake mkubwa kuliko yeye, akarudi akasema "haya, kavu."

La pili ni mota inayoningʼinia ndani ya matundu. Ukijenga nyumba ya kawaida mota ikitokeza ndani haina shida, nani anaiona. Hapa kila tundu linajazwa zege, na ile mota inayotokeza inakuwa kama rafu, zege linakwama juu yake. Nikachukua kazi hiyo mimi mwenyewe, kila kozi ikikamilika napita na fimbo ya mbao nachonga ndani ya kila tundu mpaka iwe laini, na chini kwenye kozi ya kwanza tulikata vidirisha kwenye kila tundu lenye nondo, tunachota uchafu kwa mkono na kuangalia kwa tochi kama nondo ya chini na ya juu zimefungwa. Ukiangalia kwa tochi ndani ya ukuta unaona nondo mbili zimesimama pamoja zimekumbatiwa na waya, imekaa vizuri sana, nilimwita mume wangu aje aone.

Kozi ya 3, ya 6, ya 9 na ya 11 zina nondo za kulala, tofali zake zimekatwa katikati ziwe kama mfereji. Kwenye kona nondo inakunjwa kuzunguka, haikatwi pale.

Nondo za kusimama tulizigawa vipande viwili sababu dari iko mita 2.7 na kama ungeweka nondo ndefu moja kwa moja hakuna mtu anaweza kunyanyua tofali juu yake na kulishusha. Hilo kwenye mchoro halionekani, ukiwa ndani ya nyumba ndio unaliona.

Kujaza zege la kwanza baada ya kozi 6. Hili zege la kwenye matundu ni jepesi makusudi, saruji ndoo moja, mchanga ndoo mbili na nusu, kokoto ndogo chini ya milimita 10 ndoo moja na nusu, na maji mengi kuliko unavyozoea, linatiririka kabisa. Fundi alishtuka, "dada hili ni uji." Lakini tofali kavu linanyonya maji yote yale ya ziada ndani ya muda mfupi, ukiweka zege zito linakwama njiani na chini panabaki patupu. Unamwaga, unachoma kwa vibreta ndogo, unasubiri tofali linywe, zege linashuka kidogo, unachoma tena na kujazia. Ile mara ya pili watu wanairuka kwa uchovu, ila ndiyo inayoziba mwanya unaobaki kati ya zege na nondo.

Wiki ya 6, lile tundu

Tumejaza awamu ya pili mpaka kozi ya 10 (ya juu kabisa itamwagwa na slabu). Siku ya nne napita na nyundo ndogo nagonga ukuta kozi kwa kozi. Ukuta uliojaa unajibu kifupi, tk, mkono unarudi. Nikafika kando ya mlango upande wa bawaba, kozi ya 7 na ya 8, sauti ikabadilika, ikawa na mwangwi kama kugonga mtungi. Nikagonga tena. Nikamwita fundi bila kumwambia kitu, nikampa nyundo. Akagonga mara mbili akanyamaza, akakaa chini.

Tukapasua uso wa tofali moja kwa grenda. Ndani nondo iko wazi, inang'aa, hamna zege hata kidogo kwa sentimita 30 na zaidi. Juu yake kulikuwa na kipande cha tofali kimelala kwenye nondo ya kulala ya kozi ya 9, nadhani kilidondoka wakati wa kukata ile mifereji, zege likafika hapo likapita pembeni kwenye mfereji, juu pakajaa vizuri kabisa. Ukiangalia kwa juu hujui. Na ni pale pale ambapo fremu ya mlango inafungwa, sehemu inayobeba mlango wote.

Nilikosa usingizi siku ile, nikirudia kichwani kwamba tungepiga lipu juu yake. Fundi yeye alisikitika zaidi yangu, alifungua tofali mbili zote, akasafisha, akafunga mbao usoni, akajazia zege kwa mdomo wa bati alioutengeneza, akachoma, akajazia, na hakutaka malipo ya siku ile. Nilimlipa. Kisha tukagonga chumba chote upya, mimi nje yeye ndani, tofali kwa tofali, nikiweka alama ya chaki kwa kila lililojibu vizuri. Hapakuwa na lingine.

Wiki ya 7, slabu

Fupi tu hapa. Dari ya stoo ilibidi itolewe sababu juu ya slabu panabaki sentimita 35 tu, huwezi kumwaga zege umelala kifudifudi. Mirunda ndani imesimama kila sentimita 60, fomu (mbao za kushikilia zege) juu, nondo mbili mbili za kwenda na kurudi, na zile za kuta zimekunjwa kuingia ndani ya slabu na kufungwa na za slabu. Injinia alikuja kukagua kabla ya kumwaga na alikagua makunjo yote, moja moja, kwa kidole. Zege tulilipandisha kwa ndoo mkono kwa mkono, watu saba, kwa bahati jirani alileta vijana wake.

Gunia zilizoloweshwa juu yake siku 7, asubuhi na jioni mama ndiye anamwagia maji, hakuna aliyemtuma. Zege haligandi kwa sababu linakauka, linakomaa kwa sababu lina maji, likikaushwa mapema linakuwa dhaifu. Mirunda tuliiacha siku 28.

Wiki ya 11, mlango

Watu wengi walinishauri nimpe fundi wa kuchomelea atengeneze mlango wa bati nene, na ninawaelewa, mlango uliopimwa unachelewa na unaumiza mfuko. Ila mlango ndio mahali chumba kinaposhindwa kwanza. Vipimo vyake ni hivi, wanachukua ubao wa kilo 6.8 wanaufyatua kwa kasi ya kilomita 161 kwa saa uupige mlango ukitangulia kwa ncha, kwa sababu kwenye tonado kinachoua zaidi sio upepo wenyewe ila vitu vilivyobebwa na upepo. Na hawapimi bati peke yake, wanapima mlango na fremu yake na bawaba zake na makomeo yake kama seti moja. Ukibadilisha bawaba au ukatoboa tundu la kufuli lako hicho sio kile kilichopimwa tena.

Wetu una bawaba tatu na makomeo matatu, na unafungukia ndani. Unakula nafasi, ndio, lakini kifusi kikiangukia nje bado tunaufungua. Ndani pia tumeweka mtaimbo na jeki ndogo endapo kitabana.

Fremu ilifungwa kwa bolti zinazoingia kwenye zege la kando ya mlango, na bolti mbili za juu zinapita kwenye zile tofali tulizozifungua. Nilishika mashine ya kutobolea kidogo mkononi mwa fundi wakati inaingia. Unga uliotoka ulikuwa wa kijivu mpaka mwisho, hakuna mahali mashine ilichomoka ghafla.

Hewa inaingia kwa matundu mawili, moja chini moja juu upande wa pili, kila moja lina kinga ya chuma kwa nje iliyoachwa mwanya pembeni, hewa inapita ila kitu kikija moja kwa moja hakipiti.

Wiki ya 12

Leo tumefanya zoezi. Nilipiga filimbi saa tatu usiku bila kumwambia mtu, kila mtu alipo. Watoto walifika kwanza, mume wangu kambeba mdogo, mama wa mwisho. Komeo la tatu lilifungwa sekunde 74 tangu filimbi. Ndani kuna benchi, taa za betri mbili, maji, viatu vya kila mtu (watu wanaumia miguu wakitoka, misumari na vioo), redio ndogo, filimbi, na kofia ngumu za watoto. Majirani wa pande zote nimewaonyesha chumba kilipo ili kama nyumba ikilala juu yetu wajue pa kuchimba.

Mama alikwama kizingitini. Fremu ina chuma chini, sentimita 5 hivi, mguu wake wa kulia haunyanyuki vizuri usiku. Alishika ukuta, akasema, "Nendeni wanangu, nakuja." Fundi anarudi kesho kutengeneza mteremko wa zege mbele ya mlango na mshikio wa chuma upande wa kulia, kwa nje, kwenye ule ukuta wa chumba wenyewe sio kwenye ukuta wa nyumba. Ukikomaa tutapiga filimbi tena, na mara hii naanza kuhesabu mama akiwa kitandani.